Elektroni zafichua nuru iliyojificha juu ya metali

KIKOMBE cha Lycurgus, kazi ya mafundi wa Kirumi wa karne ya 4 kilichohifadhiwa British Museum jijini London, huonekana kijani kikimulikwa kwa mbele. Taa ikiwekwa ndani yake, hugeuka chekundu.

Chanzo ni chembe za dhahabu na fedha zilizochanganyika na kioo chake, ndogo kiasi cha kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Nuru ikizigonga, elektroni huru zilizomo huyumba kwa pamoja kama maji katika beseni lililotikiswa. Mtikisiko huo huitwa plazmoni, na nuru hubanwa humo katika nafasi iliyo ndogo kuliko urefu wa wimbi lake.

Taabu ni namna ya kuiona. Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kuwa hadubini ya nuru haipambanui vitu vilivyokaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi, yaani nanomita 200 hivi. Chembe nzima huonekana doa tu.

Elektroni haina kizuizi hicho. Ikisukumwa kwa volti 30,000, wimbi lake halifiki hata sehemu ya mia ya nanomita. Mwaka 1957 Rufus Ritchie wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, alikokotoa kwamba elektroni ipenyayo utando mwembamba wa metali hupoteza kiasi maalumu cha nishati kwa kuamsha mitikisiko usoni pake. Miaka miwili baadaye Powell na Swan waliupima upotevu huo katika alumini.

Tangu hapo njia zimekuwa mbili. Ya kwanza hupima nishati iliyopotea: mwaka 2007 watafiti wa Orsay, Ufaransa, walichora kwa njia hiyo ramani ya plazmoni katika kipande kimoja cha fedha chenye umbo la pembetatu. Ya pili hukusanya nuru ambayo metali yenyewe huitoa ikichomwa na mwali wa elektroni. Katika taasisi ya AMOLF, Amsterdam, kundi la Albert Polman hutumia kioo cha kuakisi kilichopinda kama bakuli, chenye tundu dogo la kupitishia mwali huo.

Wahandisi wanaotaka kupitisha habari kwa nuru ndani ya saketi ndogo wanazihitaji mno ramani hizi, kwani metali ni mlafi: huigeuza nuru kuwa joto, na wimbi lisafirilo usoni pake mara nyingi hufa kabla ya kufika milimita moja. Ramani huwaonyesha ni umbo gani huihifadhi nuru na lipi huipoteza.

Hata hivyo, kazi hiyo hufanyika ndani ya ombwe, na mwali huweza kuichafua sampuli kwa utando wa kaboni.

Mwaka 2009 Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1999, pamoja na wenzake wa Caltech, walioanisha mapigo ya leza na ya elektroni, wakanasa picha za nuru hiyo katika muda uliopungua sehemu ya trilioni ya sekunde.