Kani ya mvutano katika michezo ya anga

Mchezo wa Spacewar! uliundwa katika chuo cha MIT nchini Marekani na kuanza kuchezwa mwaka 1962 kwenye kompyuta ya PDP-1. Programu yake iliandikwa kwa sehemu kubwa na Steve Russell. Mwanzoni vyombo viwili vilielea tu kwenye skrini vikirushiana makombora, na mshindi alikuwa mwenye vidole vyepesi. Dan Edwards, mwenzake Russell, hakuridhika. Aliweka nyota katikati ya skrini na kuipa kani ya mvutano inayofuata kanuni ya Newton. Tangu hapo aliyezubaa alitumbukia ndani ya nyota, na aliyejua kuizunguka alimtokea mwenzake kwa nyuma bila kuchoma mafuta mengi.

Nyota hiyo iliigharimu kompyuta. PDP-1 iliweza kujumlisha kama mara 100,000 tu kwa sekunde, na hesabu ya mvutano ilipaswa kurudiwa kila picha ilipochorwa upya. Edwards alilazimika kubadilisha namna vyombo vinavyochorwa ili kuokoa muda, na hata hivyo muda haukutosha kwa makombora. Yakaachwa yapite bila kuvutwa, kana kwamba nyota haipo.

Waliofuata walikata zaidi. Computer Space ya mwaka 1971, mashine ya kutumbukiza sarafu iliyoiga Spacewar!, iliiacha nyota kabisa. Katika Asteroids ya Atari, ya mwaka 1979, chombo kikizimwa injini hupunguza mwendo chenyewe, jambo lisilowezekana mahali pasipo hewa.

Fizikia ilitunzwa vizuri zaidi kwenye michezo ya kutua mwezini. Mwaka 1969, muda mfupi baada ya safari ya Apollo 11, Jim Storer, mwanafunzi wa sekondari huko Massachusetts, aliandika mchezo wa aina hiyo kwa kompyuta ya PDP-8. Haukuwa na picha. Mchezaji alipewa urefu, kasi na mafuta yaliyobaki, kisha akataja kiasi cha kuchoma kwa sekunde 10 zinazofuata. Storer alitumia kanuni ya roketi ya Tsiolkovsky, inayozingatia kwamba chombo huwa chepesi kadiri mafuta yanavyoisha. Mwaka 2024, miaka 55 baadaye, iligunduliwa kwamba katika mstari mmoja wa programu alisahau kugawa kwa 2.

Kuzunguka ni kugumu kuliko kutua, kwa sababu kunapingana na mazoea. Mwezi Juni 1965 mwanaanga James McDivitt, akiwa ndani ya chombo cha Gemini 4, alijaribu kuisogelea sehemu ya roketi iliyokuwa imemrusha kwa kuelekeza chombo kwake na kuwasha injini. Hakuifikia. Chombo kinachoongezewa kasi kuelekea kinakokwenda hupanda kwenye obiti ya juu, ambako mzunguko mmoja huchukua muda mrefu zaidi, na hivyo hubaki nyuma ya kile kinachokifukuza. Mchezo unaofuata kanuni kwa uaminifu humtesa mgeni vivyo hivyo.

Baadaye kivinjari cha intaneti kiliifanya kazi ya kuunda michezo ya aina hii kuwa ya mtu mmoja na kurasa chache za programu, kwanza kwa Flash, kisha kwa JavaScript. Nguvu ya kompyuta haikuwa tatizo tena. Tatizo likawa mpangilio wa hesabu. Njia inayomjia mwandishi wa programu kwanza, yenye jina la Euler, hukisogeza chombo kwa kasi ya zamani, kisha huibadilisha kasi kwa mvutano uliopimwa pale chombo kilipokuwa. Chombo kilicho kwenye duara basi hutokea nje kidogo ya duara kila hatua, nishati huongezeka bila injini kuwashwa, na baada ya mizunguko kadhaa sayari hutoroka jua lake. Dawa yake ni kugeuza mistari miwili: kasi ibadilishwe kwanza, kisha chombo kisogezwe kwa kasi mpya. Hesabu hazizidi hata moja, lakini kosa la nishati hupanda na kushuka badala ya kulimbikizana. Njia iliyo jirani nayo ilienezwa na mwanafizikia wa Ufaransa Loup Verlet mwaka 1967, aliyekuwa akifuatilia mienendo ya molekuli, wala si sayari.

Udanganyifu mwingine ni wa makusudi. Chombo kilicho kilomita 400 juu ya Dunia huizunguka kwa takriban dakika 90, na hakuna mchezaji atakayesubiri. Kerbal Space Program, iliyotoka mwaka 2011 nje ya kivinjari, ina sayari yenye nusu kipenyo cha kilomita 600 lakini uzito juu yake ni sawa na wa Dunia, kwa hiyo maada yake imeshindiliwa kupita kiasi. Vyombo vyake huvutwa na gimba moja tu kwa wakati, ili njia ikokotolewe kwa kanuni za Kepler hata muda ukiharakishwa maelfu ya mara.

Super Planet Crash, mchezo wa kivinjari uliotolewa na mwanaastronomia Stefano Meschiari mwaka 2014, ulichukua njia nyingine. Humo kila sayari huvuta nyenzake zote. Mchezaji huongeza sayari moja baada ya nyingine na hujaribu kuzidumisha kwa miaka 500 ya mchezo. Moja ikitupwa nje ya mpaka, mchezo umekwisha.