Hiari ya Kukagua Kumbukumbu ya Kompyuta: Fundisho la OpenSSL kwa Daftari za Wakimbizi wa Nakivale

Makala haya yanachunguza jinsi mistari miwili ya programu ilivyodhoofisha funguo za siri za kompyuta nyingi duniani kati ya 2006 na 2008, na fundisho la tukio hilo kwa taasisi zinazotunza taarifa za wakimbizi.

Programu inaposoma sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo bado haijaandikwa kitu, matokeo yake hayatabiriki. Mwaka 1991 kampuni ya Reed Hastings ilitoa Purify, chombo cha kunasa kasoro za namna hiyo. Mwaka 2002 Julian Seward akatoa Valgrind, chombo huria. Kwa kuwa ukaguzi huu hupunguza mno kasi ya programu, uliwekwa kuwa hiari: mjenzi wa programu huuwasha wakati wa majaribio, na kuuzima anapoitoa kwa watumiaji.

OpenSSL, maktaba ya usimbaji, ilikuwa na hiari iliyoitwa PURIFY. Ikiwashwa, iliruka mstari mmoja uliosoma kumbukumbu tupu, na chombo kikanyamaza. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi hicho katika Debian alikerwa na maonyo ya Valgrind. Aliwauliza wasanidi wa OpenSSL, wala hakupata pingamizi. Badala ya kutumia hiari iliyokuwapo, aliondoa mistari miwili katika toleo la watu wote. Mmoja ulikuwa ule wa PURIFY, usio na madhara. Wa pili ndio uliochanganya unasibu katika funguo. Kila aina na ukubwa wa ufunguo ukabaki na takriban uwezekano 32,768 tu. Luciano Bello aliigundua kasoro hiyo, ikatangazwa tarehe 13 Mei 2008.

Miaka kumi baadaye, Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda na UNHCR zilihakiki wakimbizi kwa alama za vidole na mboni za macho. Anayepokewa Kabazana, Nakivale, hana njia ya kuikagua programu inayobeba alama zake. Ufunguo ulioharibika hubadilishwa, kidole hakibadilishwi.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka mtunza data azilinde. Mikataba ya mifumo hiyo basi iweke masharti matatu: ukaguzi wa kumbukumbu uwe hiari iliyoandikwa wazi katika usanidi, toleo la majaribio lisichanganywe na la matumizi, na badiliko lolote linalotokana na onyo la chombo lihakikiwe na wanaoielewa kazi ya mstari unaoguswa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989 na kilicho jirani na makazi hayo, kinaweza kushirikishwa katika uhakiki huo. Onyo la chombo ni swali, na jibu lake hupatikana kwa kuusoma msimbo, si kwa kuufuta.