Maharagwe yagoma kuiva Rhonda: Mwongozo wa jikoni kwa anayesomesha watoto nyumbani

Mpwani akihamia Nakuru hulalamikia baridi kwanza, kisha maharagwe. Sufuria ambayo Mombasa ingekuwa imeshaepuliwa, Rhonda bado yatokota na makaa yamekwisha. Wengi hudhani wameuziwa maharagwe ya zamani. Yawezekana, maana maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu, lakini sababu kubwa ni mahali penyewe. Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Huko maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi za selisiasi, si 100 kama huku kwetu. Ukichochea moto zaidi, maji hayapati joto zaidi ya hapo. Unaongeza mvuke tu, na unachoma pesa.

Kwa mzazi anayewafunza wanawe nyumbani, jambo hili si dogo. Rhonda ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, jirani na Kaptembwo, na nyumba nyingi ni za chumba kimoja. Hapo hapo ni jikoni, hapo hapo darasani. Wazazi wengi walionja maisha hayo shule zilipofungwa Machi 2020 hadi zikafunguliwa kwa wote Januari 2021, na wako Wakenya ambao wamechagua kusomesha watoto nyumbani moja kwa moja. Mtoto wa shule hula chakula cha mchana huko aliko. Wa nyumbani anakula kwako, kila siku, na anayepika ndiye huyo huyo mwalimu.

Njia ya kwanza haina gharama: loweka usiku. Maharagwe na mahindi makavu yakilala majini, muda wa jikoni hupungua sana. Yale maji ya kulowekea yamwage. Hasa kwa maharagwe mekundu, yana sumu ya asili ambayo huisha kwa kuchemshwa kwa nguvu, angalau dakika kumi za kutokota kweli kweli. Moto wa polepole usiofikia kuchemka hauiondoi.

Njia ambayo majirani watakufundisha upesi ni kutia magadi. Ni kweli, magadi hulainisha maharagwe na githeri (pure, kama tuiitavyo Pwani) kwa haraka. Mimi nasema uyaache. Magadi huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye chakula, na magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa na floridi. Floridi ndiyo shida ya eneo lile tangu hapo. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa hupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na watoto wanaoyanywa wakati meno yao ya utu uzima yanaumbika huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyosafishika.

Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi hubaki ile ile katika maji machache zaidi, nawe ukiongeza mengine unaongeza na floridi nyingine. Kwa hiyo kufunika sufuria kunaokoa makaa na pia meno. Maji ya mvua yana floridi kidogo mno. Anayeweza kukinga ya mabati safi na ayatumie kupikia. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru kwa miaka mingi imetengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyopunguza floridi. Pasikupitike ukicheka: mfupa wa ng'ombe uliochomwa hufanya kazi ambayo moto wa kuchemshia hauwezi.

Sasa kikapu. Chukua kikapu kikubwa au katoni, kisheheneze blanketi kuukuu au vitambaa, uache nafasi ya sufuria katikati na mto wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu nusu saa, funika, yatie kikapuni yakiwa bado yanatokota, usifungue. Baada ya saa tatu au nne yatakuwa laini au karibu kulainika. Yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kula. Wali ni rahisi zaidi: maji yakishachemka na mchele ndani, dakika chache za moto zatosha, kikapu kitamaliza. Wakati huo wote hakuna wa kuchunga moto, na somo la hesabu halikatizwi.

Mwenye umeme na uwezo wa kununua sufuria ya presha ya umeme amepata dawa ya mwinuko wenyewe, kwa sababu ndani yake maji hupita nyuzi 100. Chungu cha maharagwe hutumia chini ya uniti moja. Bei ya kununua ndiyo kikwazo, na sidhani inafaa kukopa kwa riba ili kuipata.

Wa makaa atumie jiko lenye kikombe cha udongo ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Hula makaa machache kuliko la bati tupu. Liwashwe nje. Baridi ya Nakuru huwashawishi watu kuliingiza ndani na kufunga mlango watoto wakisoma. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Sokoni, kununua kwa gorogoro hushinda kununua kwa kikombe, lakini mahindi yakague. Yenye ukungu au unyevu usiyachukue hata yakiwa ya bei ya kutupa. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 Ukambani na maeneo jirani, na kupika hakuiondoi. Siku za haraka, ndengu (pojo zetu) na kamande (adesi) huiva bila kulowekwa. Maharagwe yaliyochemshwa tayari yanayouzwa mtaani si aibu kununua. Linganisha tu bei yake na ya makaa ambayo ungechoma, kisha muulize muuzaji kama ametia magadi.

Chemsha maharagwe ya siku mbili bila chumvi wala nazi. Ya kesho yachemshe tena asubuhi na jioni, yakae yamefunikwa. Tui litie kwenye sehemu ya kuliwa leo tu, kwani ndilo huchacha kwanza, na nazi ikishafika Nakuru si ya kumwagwa.