Vipimo vya nywele za kichwani kwa mwanamke

Vipimo vya nywele za kichwani huangalia msongamano wa nywele, unene wa kila unywele, kasi ya kukua na kiasi cha nywele zilizo mapumzikoni. Kichwa cha mtu mzima hukadiriwa kuwa na nywele 100,000 hivi, na hakuna anayezihesabu zote. Mpimaji hunyoa eneo la ukubwa wa kucha, hulipiga picha ya kukuza, kisha hupiga nyingine baada ya siku 2 au 3. Nywele zilizorefuka ndizo zinazokua. Zilizobaki vilevile zinapumzika, zikingoja kung'oka.

Kwa kawaida, nywele 85 hadi 90 katika kila 100 zinakua. Hatua ya kukua hudumu miaka 2 hadi 6, na mapumziko miezi kama 3. Hivyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Anayefumua misuko ya mwezi mzima hushtuka kuona bonge la nywele mkononi, kumbe nyingi zilikwisha kung'oka siku nyingi, zikazuiliwa na msuko.

Tatizo liko kwenye neno "kawaida" lenyewe, kwa kuwa viwango vya vitabuni vilitokana zaidi na vichwa vya Wazungu. Mwaka 2001 mtafiti Geneviève Loussouarn alichapisha vipimo vya nywele za Waafrika: wastani wa nywele 190 kwa sentimita ya mraba, dhidi ya 227 za Wazungu, na ukuaji wa milimita 0.26 kwa siku dhidi ya 0.40. Kwa kiwango cha Wazungu, mwanamke Mwafrika mzima wa afya angeonekana ana upungufu. Urefu nao hudanganya: nywele za kipilipili hukatika kwenye mikunjo, kwa hiyo zinaweza kubaki fupi ilhali zinaendelea kukua kutoka kwenye mizizi.

Anayetafuta kiwango cha wanawake wenye afya huwaacha nje waliojifungua karibuni, maana nywele hupukutika sana miezi 2 hadi 4 baada ya uzazi. Umri pia huandikwa, kwani kadiri miaka inavyosonga nywele hupungua na kuwa nyembamba. Mahali pa kupimia huchaguliwa mbali na kingo za paji la uso, ambako misuko ya kubana huweza kuwa imekwisha kung'oa nywele.