Chuo Kisicho na Ukuta

Ilipopitishwa sheria namba 17 ya mwaka 1992 iliyoasisi Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na wanafunzi wa kwanza walipoanza masomo mwaka 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, Makamu Mkuu wa kwanza wa chuo hicho, wengi walidhani, wala siwalaumu, kwamba kutaalamu mbali na mwalimu ni upweke mtupu. Kumbe mwanafunzi wake, tuseme mwalimu wa shule ya wilayani aliyedurusu vitabu vyake kwa mwanga wa kandili baada ya sala ya isha, alikwenda kituo cha chuo mkoani akitafuta sahibu wa kujadiliana naye, hata darsa ndogo ndogo zikajiunda bila ya amri ya mtu. Intaneti ilipowasili, ilizikuta zimekwisha kukaa kitako.