Kamera ambayo haikufika Karagwe

Omukama Rumanyika wa Karagwe aliwapokea John Hanning Speke na James Augustus Grant mwezi Novemba 1861. Wapenzi wa vitabu vya safari mnaijua sehemu hiyo: ukarimu wa mfalme, maswali yake yasiyoisha, ziwa chini ya kilima. Kisichosemwa sana ni kwamba msafara ule ulianza ukiwa na kamera. Grant aliitumia Zanzibar mwaka 1860, na picha zake ni kati ya picha za zamani kabisa za kisiwa kile tulizonazo. Ila Karagwe kamera haikufika. Speke anaeleza katika kitabu chake cha 1863 kwamba aliirudisha pwani kutoka Zungomero, upande wa Morogoro ya leo, kwa kuwa joto la kile kihema cha kutengenezea picha lingemuua Grant.

Hakuwa anatia chumvi. Zama hizo picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, njia iliyobuniwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851. Kioo kilitakiwa kupakwa, kupigwa picha na kusafishwa kikiwa bado kibichi, ndani ya dakika chache tu. Kwa hiyo mpiga picha alisafiri na chumba cha giza: hema, chupa za dawa, maji safi, sanduku za vioo. Yote hayo kichwani mwa wapagazi. Kamera yenyewe haikuwa na ubaya, ila ilikuwa ya studio ya London, siyo ya kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi ziwani.

Matokeo yake tunayaona mpaka leo. Grant, aliyebaki Karagwe akiuguza mguu hadi Aprili 1862 wakati mwenzake ametangulia Buganda, alichora kwa penseli na rangi za maji. Speke naye alishika kamba ya kupimia, akamzungushia shemeji yake Rumanyika mkono, kifua na paja, kisha akachapisha vipimo. Mimi sehemu ile huisoma kwa hasira kidogo. Na sidhani kama kamera ingemfanya awe na adabu zaidi. Lakini sura ya Rumanyika imetufikia kupitia mkono wa Grant, kisha mikono ya wachongaji wa London ambao Karagwe hawakuwahi kuiona. Uamuzi wa kifaa uliofanywa Zungomero ndo umeamua tunamwonaje mfalme huyo.

Swali la Grant bado lipo Omurushaka, pale barabara ya kwenda Nkwenda na Murongo inapochepuka. Kijana anayetaka kuishi kwa kupiga picha za harusi, sendofu na mahafali ya Karagwe na Kyerwa anaanza na bodi, yaani kamera bila lenzi. Wengi huuliza megapikseli ngapi. Tuseme ukweli, hilo ndilo swali la mwisho. Picha ya kubandika kwenye albamu haihitaji megapikseli 45.

La kwanza ni mwanga. Ukumbi wa jioni wenye taa mbili hafifu unadai sensa kubwa, ile ya milimita 36 kwa 24, au angalau lenzi inayofunguka sana. La pili ni umeme. Kamera zisizo na kioo, ambazo Panasonic ilizifungulia njia mwaka 2008, ni nyepesi na zinafuata jicho la bibi harusi zenyewe, lakini skrini zake zinakula betri. Canon wenyewe wanaikadiria EOS 90D, yenye kioo, picha 1,300 kwa chaji moja. EOS R isiyo na kioo, 370. Ukiwa kijijini na umeme umekatika tangu asubuhi, tofauti hiyo ni ya chakula cha watoto. Basi nunua betri tatu, au baki na kioo.

Halafu vumbi. Kiangazi, ukipanda bodaboda na kamera mgongoni, bodi isiyo na mpira wa kuzuia vumbi haimalizi misimu mingi. Bodi ya mtumba iliyofungwa vizuri naipenda kuliko mpya ya bei ileile iliyo plastiki tupu, mradi uulize shata imeshapiga mara ngapi. Lenzi za Canon za tangu 1987 bado zinaingia kwenye bodi za EOS zenye kioo, na kwa adapta hata kwenye hizi mpya, kwa hiyo pesa ya lenzi haipotei.

Na kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, chukua bodi yenye nafasi mbili za kadi. Grant alikuwa na kioo kimoja kwa kila picha; kikivunjika njiani, imeisha. Mwenye harusi naye hawezi kurudia kuoa Jumapili kwa sababu kadi yako imegoma Jumamosi.