Mtihani na Lugha ya Mtahiniwa: Historia ya Usawazishaji wa Mitihani Nchini Kenya

1. Utangulizi

Kila mtihani huwa na mambo mawili ndani yake: jambo linalopimwa, na chombo cha kulipimia. Anayepima nafaka kwa pishi hakusudii kuipima pishi yenyewe. Lakini pishi ikiwa mbovu, mwenye nafaka ndiye apatwaye na hasara. Ndivyo ilivyo katika mitihani ya shule. Mtahini hukusudia kupima hesabu, jiografia au sayansi, naye hana budi kutumia lugha na maandishi. Iwapo mtahiniwa hakijui barabara chombo hicho, au hawezi kukitumia kwa sababu ya hali ya macho au masikio yake, alama anazopewa hazionyeshi kiasi cha elimu yake, bali zaonyesha umbali uliopo baina yake na chombo.

Kumwondolea mtahiniwa kizuizi cha namna hiyo, pasipo kupunguza kile kinachopimwa, kunaitwa hapa usawazishaji. Yafaa utofautishwe na ulegezaji, ambao ni kumpa mtahiniwa swali jepesi zaidi. Karatasi ya Breli, maandishi makubwa, muda wa ziada, na swali lililofafanuliwa kwa ishara ni usawazishaji. Tofauti hiyo ni nyepesi kutamka, lakini ni nzito kutekeleza, hasa pale ambapo kizuizi chenyewe ni lugha. Historia ya Kenya yaonyesha kwamba kizuizi cha macho kilitambuliwa mapema, kizuizi cha masikio kikachelewa kwa miongo kadhaa, nacho kizuizi cha lugha kwa mtoto aonaye na asikiaye hakijakubaliwa kikamilifu hata leo.

2. Kiingereza kama mlango

Chini ya serikali ya kikoloni nafasi za masomo kwa Waafrika zilikuwa chache mno, na kazi kubwa ya mtihani ilikuwa kuchuja. Taarifa ya Kamati ya Beecher ya mwaka 1949 iliigawa elimu ya Waafrika katika vipindi vitatu vya miaka minne minne, na baina ya kipindi na kipindi pakawekwa mtihani. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane, uliojulikana kwa herufi zake KAPE, ndio uliofungua au kufunga mlango wa shule ya sekondari.

Katika mlango huo Kiingereza hakikuwa somo miongoni mwa masomo tu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, amesimulia habari za mwanafunzi mwenzake wa mwaka 1954 aliyefaulu sana katika masomo mengine yote, akaanguka Kiingereza. Kwa hiyo alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima, na hatimaye akawa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake katika masomo mengine hazikuwa za juu hivyo lakini alifanya vyema katika Kiingereza, alipata nafasi katika shule ya Alliance. Kisa hiki kimetajwa mara nyingi kama ushahidi wa dhuluma ya kikoloni juu ya lugha za Kiafrika. Kwa mwanafunzi wa historia ya mitihani kina maana nyingine pia: chombo cha kupimia kiligeuzwa kuwa ndicho kinachopimwa, na elimu ambayo kijana yule alikuwa amethibitisha kuwa nayo ikahesabiwa si kitu.

Uhuru haukuliondoa tatizo hilo. Mwaka 1957 palikuwa pameanzishwa kituo maalumu mjini Nairobi ili kutafuta njia ya kuwafundisha watoto wa shule za Kiasia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mpango huo, uliozaliwa kutokana na shida ya lugha ya kundi moja la watoto, ulienezwa baadaye hata katika shule za Waafrika. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo, na Kiswahili kiwe somo la lazima. Hata hivyo, katika mtihani wa CPE uliofuata, masomo yaliyotahiniwa yalikuwa Kiingereza, hesabu, na karatasi iliyounganisha historia, jiografia na sayansi. Kiswahili hakikuwemo. Somo lisilotahiniwa halikosi kupuuzwa, na walimu wengi walitumia vipindi vya Kiswahili kwa kazi nyingine.

3. Uchunguzi wa maswali katika miaka ya 1970

Taarifa ya Shirika la Kazi Ulimwenguni ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya iliugusa pia mtihani, kwa kuwa mtihani ndio uliowagawa vijana baina ya kazi za mshahara na wale waliobaki bila kitu. Katika miaka hiyohiyo H. C. A. Somerset, akiwa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyachunguza maswali ya CPE moja moja, akitazama ni watoto gani walioyajibu na ni wepi walioshindwa. Kazi yake ilichangia katika marekebisho ya mtihani huo.

Umuhimu wa njia hiyo ni kwamba iliacha kumwuliza mtoto kwa nini ameshindwa, ikaliuliza swali lenyewe. Tuseme swali la hesabu limejengwa juu ya lifti ya jengo la ghorofa. Mtoto wa mjini hulisoma na kuanza kukokotoa. Mtoto wa Turkana au wa kisiwa cha Pate, ambaye hesabu ile ile angeifanya kwa mbuzi au kwa pishi za mtama, huanza kwanza kujiuliza lifti ni kitu gani. Wakati ukipita, yeye bado yumo katika lugha, mwenzake tayari yumo katika hesabu. Kuliondoa neno hilo na kutia jingine linalojulikana na wote hakumpendelei mtu, wala hakuifanyi hesabu kuwa nyepesi. Huo ni usawazishaji halisi, hata kama hakuna aliyeuita kwa jina hilo.

Taarifa ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumiwe kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo, na Kiingereza kichukue nafasi tangu darasa la nne. Hata hivyo, lugha ambayo mtoto aliitumia kuanza kufikiri juu ya namba na viumbe haikupewa nafasi yoyote siku ya kuulizwa habari za namba na viumbe hao.

4. Kipofu na kiziwi

Kwa mtahiniwa asiyeona, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na Breli ikawa njia ya kusomea na ya kutahiniwa. Mashaka ya kiufundi hayakukosekana: michoro, ramani na majedwali hayahamishiki kwa urahisi kutoka wino hadi nukta nundu, na kidole kinachosoma hakiendi kwa kasi ya jicho. Ndiyo maana muda wa ziada ulihitajika. Lakini juu ya msingi wenyewe hapakuwa na ubishi mkubwa. Ilieleweka kwamba kipofu anajua Kiingereza kama wenzake, ila huupata kwa kidole. Lugha ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maandishi.

Kiziwi hakueleweka hivyo. Shule za kwanza za viziwi, kama zile za Mumias na Nyang'oma, zilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa muda mrefu mafunzo yalilenga kumfanya mtoto atamke na kusoma midomo ya mwalimu. Ishara ambazo watoto walizungumza wao kwa wao mabwenini zilidhaniwa kuwa maigizo ya mikono tu. Kiziwi alihesabiwa kuwa mtu aliyepungukiwa na lugha, si mtu mwenye lugha nyingine. Ikiwa hivyo ndivyo, basi hapakuwa na lugha ya kumsawazishia mtihani.

Hapa ndipo historia ya viziwi inapokutana na historia ya Kiswahili. Taarifa ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilifungua njia ya mfumo wa 8-4-4, na mwaka 1985 mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya kwanza, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Waliokuwa wamekipigania Kiswahili kwa miaka mingi walikuwa na haki ya kufurahi. Vitabu viliandikwa, walimu wakaajiriwa, na idara za Kiswahili vyuoni zikapata wanafunzi. Lakini sharti lile lile lililokipa Kiswahili heshima yake lilimwekea mtoto kiziwi ukuta mpya, maana juu ya Kiingereza alichokisoma kwa taabu ilimpasa sasa aongeze lugha nyingine ya sauti.

Mwanaisimu ataona mara moja uzito wa jambo hilo. Mtoto asikiaye hujifunza upatanisho wa ngeli kwa sikio kabla ya kuujua kwa kanuni: kitabu kimepotea, vitabu vimepotea. Mlio wa ki na ki, vi na vi, humwongoza, na akikosea sikio lake humkatalia. Tahajia ya Kiswahili, inayosifiwa kwa kuandikwa kama inavyotamkwa, ni rahisi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kiziwi sifa hizo mbili hazina faida. Anayeona ki mara mbili juu ya karatasi haoni mlio. Anaona alama mbili za kukariri.

5. Ishara kutambuliwa kuwa lugha

Badiliko lilitoka pande mbili. Katika shule, tangu miaka ya 1980, msimamo wa kukataza ishara ulianza kulegezwa. Katika elimu ya juu, mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na lugha hiyo ikaanza kuelezwa kwa vipimo vya kiisimu: umbo la kiganja, mahali pa ishara, mwendo wake, na sarufi yake isiyofuata ile ya Kiingereza wala ya Kiswahili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2003. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, iliipa serikali wajibu wa kuendeleza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli, na katika kifungu cha 120 ikaihesabu lugha hiyo ya ishara miongoni mwa lugha rasmi za Bunge.

Matokeo katika mtihani yalikuwa haya: mtahiniwa kiziwi aliruhusiwa kutahiniwa katika Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Wapo watakaoona kwamba hapo Kiswahili kilipoteza. Ukweli ni kwamba kilipoteza watahiniwa wachache ambao hakikuwa kikiwapima kwa haki. Wala badiliko hilo halikuwa huruma. Lilikuwa ni kukiri kwamba kile ambacho karatasi ya Kiswahili hutafuta kwa mtoto asikiaye, yaani uwezo wa kutumia lugha ya taifa lake kwa ufasaha, mtoto kiziwi anacho katika lugha nyingine ya taifa hilohilo.

6. Hitimisho

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika uhai wake wa karibu miaka 40, usawazishaji ulikubaliwa kwa kipofu na kwa kiziwi. Yapo mambo mawili yaliyosalia. Kwanza, kiziwi aliyepewa somo la lugha yake aliendelea kuulizwa sayansi na hesabu kwa Kiingereza kilichoandikwa, na mwenye shida ya kusoma ambayo haionekani usoni aliendelea mara nyingi kuitwa mzito. Pili, mtoto asiye na ulemavu wowote, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, hakupata hata uangalizi mdogo wa neno la lifti ila pale ambapo mtahini alikuwa mwangalifu.

Kijana aliyekuwa utingo wa basi hakuwa kipofu wala kiziwi, na kwa hiyo hapakuwa na kifungu cha sheria cha kumtetea. Hitaji lake lilikuwa la lugha peke yake. Maadamu watunga maswali na wataalamu wa lugha hufanya kazi katika vyumba tofauti, watakuwapo wengine kama yeye, na karatasi zao zitaonyesha alama ambazo ni za pishi, wala si za nafaka.